Hosea Pettiford, Wakili Aliyetufungulia Shule ya Matofali

Mwaka umepinduka, Baba, tangu tulipokusindikiza mlimani nyuma ya kanisa, tarumbeta za wenzako wa vitani zikilia na theluji ya mwisho ikiyeyuka barabarani. Waliokuja kukuzika walikuwa wengi kuliko waliokupigia kura mara ya kwanza. Ungekuwapo ungelisema hilo wewe mwenyewe, kisha ungecheka kabla yetu.

Ulikuwa kinyozi kabla ya kuwa wakili, wala hukuona haya. Hata ulipokuwa mbunge wa jimbo, kila Jumamosi ulifunga aproni ukawanyoa wazee wa mji wetu, Marlow's Landing. Mtu aliyewekewa wembe kooni, ulikuwa ukisema, hapingi hoja. Sheria ulijifunza mle mle kinyozini, katika vitabu alivyokuazima wakili mzee aliyekuwa na tabia ya kusinzia kitini, povu likimkaukia mashavuni. Mama anasema ulipomposa alikukubali kwa sharti moja tu, uache kuimba. Sharti ukalikubali. Hukulitimiza hata siku moja, na nyumba sasa ni kimya mno.

Ulipofungua ofisi, watu weusi walikuja kwako kwa kuwa ulikuwa mwenzao. Wazungu walikuja kwa kuwa hapakuwa na wakili mwingine kando yote hii ya mto Ohio aliyethubutu kuishtaki kampuni ya reli. Bado watu wanaisimulia kesi ya ng'ombe aliyegongwa na treni, mali ya August Kleinschmidt, yule mkulima Mjerumani. Dereva wa treni aliapa mahakamani kwamba alimwona ng'ombe huyo relini kwa mbali, akapiga kengele, akapuliza na filimbi, na mnyama hakusogea. Ukamsogelea kwa upole.

"Kwa hiyo mlionana," ukamwambia. "Sasa kati yenu wawili, ni nani aliyekuwa na breki?"

Jaji alificha kicheko nyuma ya leso yake. Kleinschmidt alishinda, naye si mtu wa kusahau.

Kisha tukafikia umri wa kwenda shule. Shule ya matofali ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu. Sisi tuliipita kila asubuhi tukaenda hadi mwisho wa mji, kwenye kibanda cha mbao kilichopakana na kiwanda cha ngozi, kwa sababu sheria ya jimbo iliwaruhusu wakubwa wa mji kuwatenga watoto weusi. Mwalimu wetu alikuwa shangazi Philena, dada yako. Wakati wa joto alifunga madirisha ili tusitapike kwa harufu, halafu akayafungua ili tusizimie.

Uliishtaki bodi ya shule, ukashindwa. Jaji alisema sheria ni sheria, na kama huipendi, nenda mji mkuu ukaibadilishe. Mahakama nzima ikacheka. Wewe ulikusanya karatasi zako, ukamshukuru kwa ushauri, na wiki iliyofuata ukatangaza kwamba unagombea ubunge.

Ukaanguka. Uchaguzi uliofuata ukagombea tena. Safari hii, katika mkutano wa wakulima, Kleinschmidt alipanda jukwaani kofia ikiwa mkononi. Alisema yeye si mtu wa maneno. Alisimama hapo kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kumwamini.

"Huyu alipomtetea ng'ombe wangu," akasema hatimaye, "hakuniuliza kwanza ng'ombe ana rangi gani."

Akashuka. Ukashinda.

Watu wanadhani vita vyako vikali vya kuifuta sheria ile ya kutenga watoto vilikuwa bungeni. Sisi tunajua vilianzia mezani petu, Jumapili moja baada ya ibada, mkate wa mahindi ukiwa bado unafuka moshi. Shangazi Philena aliweka kisu chini.

"Kaka, muswada wako ukipita, shule yangu inafungwa. Unadhani wataniajiri ng'ambo ya barabara?"

"Sijui, Philena."

"Ungenidanganya kidogo."

"Nikikudanganya utajua."

Aliondoka bila kumaliza chakula, na kwa miezi kadhaa mlisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Hakuwa peke yake. Walimu wengine weusi walikuandikia kwa uchungu, na baadhi ya wazazi kanisani walihama safu yetu. Hukumwita yeyote msaliti. Ulituambia wana haki ya kuogopa, kwa maana mkate wao ndio uliokuwa hatarini, si wako.

Siku muswada ulipofika mbele ya kamati, mjumbe mmoja alisimama akasema kwa kejeli kwamba weusi wenyewe hawautaki. Anayebisha amwulize nani? Amwulize mwalimu wao yeyote. Ulikuwa umeinuka umjibu, sauti ikatoka safu ya nyuma. Shangazi alikuwa amepanda treni alfajiri bila kumwambia mtu, akiwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Mimi ni mwalimu wao," akasema. "Vitabu vipya huenda shule ya matofali, sisi hupewa vichache vilivyochakaa. Wanafunzi wangu hukaa wawili kwa kitabu kimoja wakitazamana, mmoja huku na mwenzake kule. Nina mtoto anayesoma vizuri maneno yakiwa kichwa chini, yakigeuzwa sawa hayajui. Sheria hii itanitoa kazini. Ipitisheni."

Akaketi. Mwenyekiti akakugeukia kwa hotuba yako. Uliikunja ukaitia mfukoni, ukasema huna la kuongeza. Mama anaapa ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwako.

Muswada ulipita kamatini, ukapita Bungeni, na gavana akautia sahihi. Ulipoteremka kituoni Marlow's Landing, bendi ilikuwa ikikungoja, na Kleinschmidt alikuwa amepamba gari lake la farasi. Ulikataa kupanda mpaka dada yako apande kwanza. Naye alikwambia, tukisikia sote, usogee, kofia yake haikuja kubanwa.

Shule zilipofunguliwa ulituvusha barabara ukiwa umetushika mikono. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akatutazama, akakutazama wewe. Ulizidi kutembea. Akasogea kando.

Shangazi alipoteza kazi, kama alivyotabiri. Majira ya baridi yale aliwafundisha wazee kusoma, kanisani kando ya jiko, nawe ukahudhuria kila kikao cha bodi ukiuliza swali lile lile, kwa nini hawamwajiri. Ulipofanyika mtihani wa walimu wa wilaya nzima, akatoka wa kwanza, na bodi ikakosa pa kujificha. Mpaka leo anafundisha darasa la tatu, madirisha wazi.

Ulitumikia Bunge vipindi vingine, na kuna madaraja na sheria zenye jina lako. Lakini tunachokikumbuka zaidi ni wiki yako ya mwisho. Kifua kilikuwa kimekubana. Watoto walitoka nje kwa mapumziko ng'ambo ya barabara, weusi kwa weupe, kelele zikajaa chumbani. Mama akaenda kufunga dirisha.

"Acha, Drusilla," ukamwambia. "Kelele hizo nilizipigania."

Unakumbukwa na mkeo Drusilla; wanao Cornelia na Thaddeus, ambaye jina lake sasa limeandikwa mlangoni mwa ofisi chini ya lako; dada yako Philena; wajukuu; familia ya Kleinschmidt, waliotuomba tuwataje; na wazee wa Jumamosi, ambao ndevu zao sasa zimewazidi.

Baba, hatutakusahau kamwe. Dirisha lako liko wazi.