Mahali Pasipo Barabara

Louisville, 14 Februari 2016

Dada yangu Veridiana,

Nakusalimu wewe pamoja na goti lako la kushoto, maana naona goti hilo sasa ni mtu mzima wa kupewa heshima yake peke yake. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Esperance anakusalimu sana, na anasema nikuambie kwamba tumbo langu halijapungua hata kidogo, ingawa mimi sioni habari hiyo inakuhusu nini. Theluji ya Buffalo imefika wapi? Hapa ilianguka asubuhi moja tu, bosi wetu wa ghalani akaja amejifunga mashuka kama maiti. Nikamwambia, bosi, mimi nina dada Buffalo anachimba gari lake kwa koleo kila siku na bado anafika kazini kabla ya wote.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu, nikilitaja tu jina la Fides, unasema betri inakwisha. Dada, betri yako inakwisha tangu Krismasi ya mwaka juzi. Karatasi haina betri. Kaa chini usome.

Binti yako anamaliza chuo kule Columbus mwaka huu. Mwezi wa tano anakwenda Sisilia, kile kisiwa cha Waitaliano, kuchunguza mimea ya pwani. Atakaa miaka miwili, huenda mitatu. Alinipigia akasema, "Mjomba, kabla sijazama kwenye kazi nataka mama aone ninachofanya. Siku moja tu inatosha. Mwambie wewe, mimi hatanisikiliza."

Mahali penyewe panaitwa Zingaro. Ni hifadhi: mlima upande huu, bahari upande ule, katikati njia ya miguu. Hakuna barabara. Zamani serikali ilitaka kuipitisha pale, watu wakaandamana kwa maelfu mpaka ikaachwa. Hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna gari. Maji ya bahari ni maangavu kiasi kwamba ukisimama juu ya mwamba unawaona samaki wanavyogeuka. Unaanza kutembea asubuhi, unatoka upande wa pili mchana.

Nimepanga twende wewe na mimi, mwezi wa sita, wiki moja. Overtaimu yangu yote ya majira ya baridi imekwisha kugeuka tiketi mbili. Kwa hiyo ukikataa, itabidi nimpeleke goti lako peke yake.

Mdogo wako,
Gaudiosi


Buffalo, 2 Machi 2016

Mdogo wangu Gaudiosi,

Mimi mzima, goti nalo limepokea salamu. Mwambie Esperance asichoke kuniletea habari za tumbo, kwani mimi dada mkubwa kinanihusu kila kilichomo ndani ya shati lako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu sikuamini ya kwanza. Hakuna barabara. Hakuna duka. Hakuna gari. Unatembea juani mpaka mchana. Gaudiosi, hapo si kambi yetu ya wakimbizi, Mtabila? Mimi nimeishi mahali hapo nusu ya maisha yangu na sikulipa nauli. Leo nipande ndege kwenda kupatafuta tena?

Na huyo mtoto! Wewe unajua kichwa changu kimebeba majani kiasi gani: ya kuezekea, ya mbuzi wa watu, ya kulalia. Nikamtoa mtoto kwenye majani, nikamleta Amerika, na yeye karudi kwenye majani kwa hiari yake. Mimi kazi yangu hapa ni kuogesha wazee. Kila siku manesi wananipita na viatu vyao vyeupe, nikawa najiambia, mwanangu atapita hapa hivi.

Lakini si unesi ulioniuma, na hili nakuandikia kwa mara ya kwanza. Aliacha masomo ya unesi, akakaa mwaka mzima bila kuniambia. Nilisikia kanisani, kutoka kwa muumini mwenzangu Angelika, nimeshika sahani ya wali. "Kumbe Fides sasa anasomea mimea!" Nikacheka kama ninayejua. Wali ule sijui niliupeleka wapi.

Halafu wewe utapanda ndege? Wewe uliyemshika mkono Mzungu wa watu tulipokuja mwaka 2007, usimwachie mpaka akashindwa kula? Yule bwana nadhani bado ana alama za kucha zako.

Dada yako,
Veridiana


Louisville, 19 Machi 2016

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta unaendelea vizuri, na kwamba theluji imeanza kuona aibu. Sisi tumeamka salama. Yule Mzungu alikuwa na mkono laini sana na nadhani alifurahi kupata rafiki. Ndege naiweza. Mwanamume hukomaa.

Hilo la sahani ya wali sikulijua. Nimekaa nalo wiki nzima. Nilitaka nimpigie Fides nimgombeze, nikasita, nikaona ni swali lako, si langu. Ukamuulize wewe, mkiwa mnatembea. Watu wakitembea hawatazamani usoni, maneno yanatoka kwa urahisi.

Unamkumbuka Mama Niyonkuru kambini? Wanawake wakigombana, alikuwa anawaketisha mbele ya chungu kimoja cha pombe ya mtama na mirija miwili. Hawanyanyuki mpaka chungu kikauke. Unainama, mwenzako anainama, vichwa vinagongana, mwisho mmoja anacheka. Mimi nilipenda sana ugomvi wa watu wakati ule, maana ndimi niliyetumwa kuonja kama pombe imeiva.

Sasa maagizo ya Fides. Viatu vyenye meno, si sandali za kanisani. Kofia. Moto hauruhusiwi hata kidogo, nchi ile ikikauka inawaka kama karatasi. Usiache kitu, hata ganda la yai unarudi nalo. Na kila mtu abebe chupa yake ya maji, kwani njiani hakuna pa kununua.

Mdogo wako asiyeogopa ndege,
Gaudiosi


Buffalo, 10 Aprili 2016

Gaudiosi mdogo wangu,

Habari za huko? Za hapa ni baridi tu, tunaambiwa ni majira ya maua, lakini maua yenyewe hayajaambiwa.

Sijasema naenda. Nauliza tu. Kama moto hauruhusiwi, maharage yanaiva vipi? Nikipika nyumbani kwa Fides usiku wa kuamkia siku hiyo, yatafika bila kuchacha? Mayai ya kuchemsha je? Mwambie simtumii swali mimi, unauliza wewe.

Pasipoti ninayo tangu nilipoapa uraia. Nimeitoa tu kuipangusa vumbi.

Na hili goti limenishangaza. Kazini kuna ushoroba mrefu kutoka chumba cha dawa mpaka jikoni. Nikimaliza shifti naupitia, kwenda na kurudi. Bibi mmoja pale, mtu wa tisini na kitu, kila nikipita ananipungia kama niko kwenye gwaride. Jana aliniuliza naenda wapi. Nikasema Sisilia. Limenitoka tu, lisikutie furaha.

Lakini hilo la kila mtu na chupa yake, sikubali. Nani kakufundisha? Mzazi anakwenda kwa mwanawe kwa mara ya kwanza, afike na maji yake mkononi kama mgonjwa anayekwenda kulazwa? Mgeni anapokelewa na maji. Akifika anapewa kikombe, ndipo anajua kwamba amefika. Mimi chakula nitabeba, hata cha watu kumi. Maji ni ya mwenyeji. Mwambie hivyo.

Dada yako,
Veridiana


Louisville, 15 Mei 2016

Dada,

Salamu kwanza, halafu nitupie jiwe.

Nilikwenda uwanja wa ndege kujizoeza. Wazo la Esperance. Alisema nikae ndani ya gari pale nje, nizitazame zinavyoruka, nifumbe macho nijifanye nimo. Nikafumba. Nikapitiwa na usingizi. Nikaota tunaanguka, nikapiga kelele, na mlinzi akaja kugonga kioo kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Dada, sitaweza. Nimejaribu kukomaa, imeshindikana. Wewe usivunje safari. Fides amekwisha kufika na atakusubiri mlangoni kwenye uwanja wa ndege wa Palermo, na kule New York kijana wa kanisa atakupeleka mpaka kwenye geti.

Mdogo wako, nusu mwanamume,
Gaudiosi


Buffalo, 21 Mei 2016

Wewe mwoga,

Leo hakuna salamu. Nilijua! Niliwaambia mpaka manesi kwamba utanitupa.

Ulisema tutakwenda wewe na mimi, uwe katikati yetu. Mimi nilikubali kwa sababu hiyo tu, kwamba wewe utaropoka njia nzima kama kawaida yako na sisi tutakuwa na mtu wa kumcheka. Sasa tutaongea nini, mimi na mtoto ambaye hatujaketi pamoja mwaka na nusu? Nikimuuliza na akanijibu vibaya, narudi kwa mlango gani, wakati barabara yenyewe hakuna?

Naenda. Naenda ili nirudi nikucheke mpaka uzeeni.

Dada yako (kwa shida),
Veridiana


Louisville, 14 Juni 2016

Dada yangu, popote ulipo,

Natumaini mpo wazima wote wawili, na kama hampo wazima, basi angalau mpo pamoja. Barua naituma Buffalo uikute.

Huniandikii. Simu yako imezimwa. Fides alituma ujumbe mmoja, "Mama kafika," halafu kimya. Kafika vipi? Amecheka? Amenuna? Esperance anasema kimya cha wanawake wawili ni kizuri. Nikamuuliza mbona kimya cha mwanamke mmoja ndani ya nyumba hii huwa kinanitoa jasho, akanyamaza.

Kuna jambo limenishtua jana ghalani, nikaangusha boksi zima. Dada, yale maneno yako ya maji sikumwambia Fides. Nilisahau kabisa. Yeye anajua kwamba kila mtu anabeba chupa yake, na wewe ninavyokujua utakuwa umeenda mikono mitupu ukisubiri kikombe. Juani. Mpaka mchana.

Niandikie, hata matusi.

Mdogo wako,
Gaudiosi


Buffalo, 26 Juni 2016

Mdogo wangu Gaudiosi,

Nimerudi salama, na barua yako nimeikuta mlangoni. Mpe Esperance salamu na pole, kwa mambo anayoyavumilia.

Ndiyo, nilikwenda bila maji. Nilibeba maharage, mayai, viazi vitamu, chumvi kwenye karatasi. Fides alikuja kunipokea Palermo amekonda, tukakumbatiana kama watu wanaopishana kwenye basi. Siku tatu za kwanza ni "mama, umelala?" na "mama, umeshiba?" Siku ya nne Zingaro.

Unaingia kwa kupita ndani ya shimo kubwa lililotobolewa mlimani. Fides akasema ndipo barabara ilipokuwa inaanzia, wakatoboa, wakazuiwa, ikabaki shimo. Ukitoka upande wa pili, Gaudiosi, macho yanauma. Bahari iko chini yako, rangi ambayo sijaiona hata kwenye vitenge. Mlimani kumejaa mikindu mifupi isiyonifika kiunoni. Hakuna mti uliokatwa. Nilikuwa natazama huku na huku nikitafuta visiki. Tangu Mtabila sijui kuuona mlima bila kuhesabu visiki. Palikuwa hakuna.

Yeye alitangulia akisema majina ya mimea kama mwalimu. Mimi, "mm." Mkono wake una chupa. Anakunywa kidogo, anafunga, anaendelea. Mimi namtazama. Jua likapanda. Ulimi ukanikauka mpaka ile "mm" yenyewe haitoki. Sikuomba. Unanijua. Bahari yote ile upande wa kulia, na mimi nakufa kwa kiu ya heshima.

Tukafika penye mwamba wenye kivuli, akageuka. "Mama, mbona hunywi? Maji yako yako wapi?"

Nikasema, "Maji yangu unayo wewe."

Hakuelewa. Alitazama begi langu, akaitazama chupa, akanitazama mimi. Halafu akaelewa, nikaona ameelewa, maana alikaa chini palepale. Alianza kwa Kiingereza, akaacha. Akasema, "Mama, wewe hujawahi kuja kwangu. Columbus miaka yote ile hukuja hata siku moja. Sijawahi kukupokea. Sijui inafanywaje."

Ni kweli. Tangu Angelika na ile sahani, nilisema sitakanyaga kwake mpaka aje yeye kwanza. Na yeye akawa anangoja nije.

Akasimama, akafungua chupa, akaishika kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Akapiga goti kidogo. "Karibu, mama."

Nilikunywa, na ndipo nikamuuliza. Kwa nini uliniacha nisikie kanisani? Akasema, "Niliandika ujumbe mara nyingi nikaufuta. Ulikuwa umewaambia watu wote nitakuwa nesi. Niliogopa nitakuaibisha mbele yao." Nikamwambia, umeniaibisha mara mbili, mjinga wewe. Akacheka huku analia. Nami nikamwambia la kwangu, kwamba lile neno la kurudi kwenye majani, nililomtupia kwenye simu usiku wa ile sahani, kama ningeweza kulimeza, ningelimeza.

Njia iliyobaki tulitembea polepole kwa ajili ya goti. Chupa ilikuwa moja, sisi wawili. Yeye ananipa, mimi nampa. Hatukuwa na mirija, na vichwa havikugongana, ila Mama Niyonkuru angeridhika. Ilikauka kabla ya kufika mwisho. Maharage yalikuwa yamechacha kidogo, tukayala yote.

Sikukuandikia kutoka kule kwa sababu tulikuwa tunaongea. Simu niliizima mwenyewe. Betri ilikuwa imejaa.

Wewe endelea kulala ndani ya gari. Mimi mwakani narudi kwa mwanangu. Chupa sibebi.

Dada yako,
Veridiana