Taya la Mama na Jino Lisilokuwepo

Chumba cha Malipo,
Kliniki ya Meno.
Tarehe 9 Mei

Mpendwa Dada,

Salamu tele kutoka kwetu sote. U hali gani huko, na shemeji je? Wapwa zangu wameshapona kifua? Sisi tu wazima, ila Mama ana jambo, nalo ndilo lililonikalisha niandike. Usishtuke, linaelekea pazuri.

Kiungo cha taya lake kimeharibika. Kilianza kwa kulia ta! ta! kila akitafuna, mwisho kikakaza. Sasa mdomo unapitisha kijiko cha chai tu. Mama yetu huyu, ambaye akicheka jirani hufunga dirisha! Alinikataza nisikwambie.

Daktari wetu wa upasuaji alimpa kibao cha plastiki cha kuuma akilala, pamoja na mazoezi. Wapi! Akasema limebaki la kupasua, na bila bima hatuliwezi.

Hapo ndipo mdogo wako alipochemsha. Unaijua kazi yangu: kila ugonjwa na kila tiba ina namba yake, nami nazijaza kwenye fomu na kuituma kwa watu wa bima. Hapa kwetu kila kitu hupelekwa upande wa meno, ndiyo mazoea. Sasa fomu ya meno haiendi popote bila namba ya jino. Nikaandika gego lililo karibu na kiungo, yaishe. Bima wakajibu kwa adabu zote kwamba gego hilo walishalipia kung'olewa, tena zamani. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuweza kucheka, maana asubuhi hiyo nilimwacha Mama akinywa uji kwa mrija.

Tukakaa mimi na daktari tukaanza upya. Kiungo ni kiungo, kama goti, hata kama anayekitibu ni daktari wa meno. Tukaweka namba ya ugonjwa wa kiungo na ya upasuaji wake, tukaambatanisha picha na maelezo yake kwamba kibao na mazoezi vimeshindwa, tukapeleka upande wa matibabu ya hospitali. Nilingoja roho juu juu. Jana wamekubali! Upasuaji ni Jumanne. Daktari anasema itachukua muda kuzoea kufungua mdomo, lakini ana matumaini makubwa, nami pia.

Sasa lile linalokukereketa. Uliniuliza kama Mama amekukasirikia kwa kuhama, maana ukipiga simu anaitikia "mm" na kumpa Baba. Dada, hajakukasirikia hata kidogo. Hata hiyo "mm" ilikuwa inamuuma. Jana nilipompa habari, alisema huku meno yamebana, "Simu ya kwanza ni ya dada yako."

Baba na shangazi wanakusalimu. Nibusie wapwa. Mungu akutunze, akupe na nafasi ya kutosha simu hiyo ikilia, maana Mama amekuwekea maneno mengi.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba