Gauni la Buluu la Mama

Dada Zorka, huko mjini Makarska kusikolala,

Huku kijijini hatujambo. Sadini nimeshazitia chumvi, tini ziko juani, na jirani yetu Luce bado anachungulia dirishani kila nikipita.

Picha ya Mama uliyonitumia imefika. Amekaa mgahawani na aiskrimu mkononi, wapiga gitaa nyuma yake, naye amevaa buluu. Buluu, Zorka. Tangu tumzike Baba hakuwahi kuvua nyeusi, nami nikavaa nyeusi naye ili asiwe peke yake. Mwaka juzi nilimnunulia gauni la buluu ili tuvue pamoja. Akaniambia, "We Tonka, unataka watu waseme nini?" Akalitia sandukuni, na hadi leo limo humo. Ninayemkanda miguu ni mimi. Wewe umekaa naye wiki mbili tu, ukamvua msiba kama koti.

Unasema bado anapima abaki kwako au arudi, eti nisimshurutishe. Simshurutishi. Mwambie tu mbuzi wake ananipiga mateke nikimkamua.

Jana nilifungua sanduku kwa hasira, nikutumie lile gauni ulifanye tambara. Halijavaliwa hata mara moja. Nikalivaa nione lilikosa nini. Halikukosa kitu. Nikaenda nalo kununua mkate. Luce akatoka hadi mlangoni: "Mama yako anajua?"

Nikapita zangu. Mama achague anakopenda. Ila akirudi, gauni hili halipati tena.

Mdogo wako, mwenye wivu na asiyeona haya,
Tonka