Asimame Hapo Anayesema Maji Yapo

Cato Manor,
Durban.
Tarehe 9 Machi, 2025.

Mpendwa Babu Dominiki,

Shikamoo. Mkeo wa mbali sijambo. Sam naye hajambo, sasa anakimbia na ameshavunja vikombe viwili. Magoti yako yanaendeleaje huko Tabora? Na mke mwenzangu, Bibi Clementina, bado anakuficha sukari? Huku joto limeanza kupungua, tunashukuru.

Babu, nisamehe. Nilipofika nilikuambia nafanya kazi ofisini. Si kweli. Nafua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia, Mobeni. Niliona haya kukuambia, maana wewe ulikuwa mhandisi wa reli.

Pale mvuke wote unatoka kwenye boila. Si kubwa kama zile za magari moshi yako, lakini ina kioo cha kuonyesha maji, kile kile ulichonichorea kwa chaki sakafuni, Bibi akigomba. Ulisema maji ya boila yenye moto hutikisika kidogo kidogo. Yakitulia kama picha, usiyaamini, njia imeziba.

Mwezi wa nane nilipita na mashuka nikaona maji yametulia. Nikapita tena baada ya chai, bado. Nikamwambia Melvin, Mkenya anayeangalia boila. Akacheka. "Mama Sam, rudi kwa mashuka yako. Maji iko nusu ya kioo, huoni?" Rafiki yangu Félicité wa Bukavu naye akanivuta: "Mama, iko maji! Acha makelele, bosi atatufukuza!"

Ndipo nikakumbuka sheria ya karakana yako. Nikamwambia Melvin, "Kwa babu yangu, anayesema maji yapo ndiye anayesimama karibu na boila, wengine wanatoka. Haya, simama. Sisi tunatoka." Nikamshika Félicité mkono tukaanza kwenda.

Melvin akabaki anakitazama kile kioo, kicheko kimeisha. Akafungua koki ya chini, maji ya kwenye kioo yakatoka yote. Akafunga. Yalipaswa kupanda tena, hayakurudi. Eish, Babu! Akakimbilia pampu. Nikamshika mkono kwa nguvu, "Usitie maji! Zima moto kwanza!" Ni kama ulivyonisimulia ulivyomshika yule fundi wako, asitie maji baridi kwenye boila iliyokauka, isije ikapasuka.

Akauzima, boila ikaachwa ipoe mpaka kesho yake. Walipofungua, ukoko wa chokaa ulikuwa umeziba njia ya kioo, na maji yalibaki chini kabisa. Tulikuwa watu thelathini mle ndani.

Bosi akaniita. Nilijua nafukuzwa. Akauliza nimesoma wapi, nikasema darasa la saba tu. Kisha nikamweleza habari zako: ulivyoanza kwa kuzoa majivu, ukawa fundi, ukapelekwa kusoma, ukarudi mhandisi wa karakana nzima, na bado ukawa unaingia mwenyewe tumboni mwa boila kukagua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanipeleka mafunzo ya boila. Melvin naye, bila kinyongo, alikuwa akinielekeza kila Jumamosi. Ijumaa nimepewa cheti, Babu!

Nakumbuka nikiwa mdogo, ulifunga vitabu vyako kwenye gunia ukasema elimu yako imekwenda na mvuke. Haikwenda. Ilikuwa kwangu, na mimi sikujua. Asante, Babu. Naandika hili machozi yananitoka, lakini ni ya furaha.

Nisalimie Bibi sana, na Mjomba Onesphore, na Dada Lyse na watoto wake. Mungu akulinde, na magoti yakubebe mpaka kanisani na kurudi. Lile gunia mwambie Bibi asiwape panya. Nikija nalitaka.

Kesho asubuhi naanza kazi ya boila. Nitafungua koki, nitayatazama maji mpaka yarudi, kisha nitawaambia wenzangu yapo. Na mimi nitasimama pale pale.

Mkeo mdogo, anayekupenda siku zote,
Sia (Mama Sam)