Dakika arobaini za bosi

Dada, upo? Nimetoka zahanati sasa hivi.

Yule bosi wangu mwenye shahada mbili. Programu yake ya kukagua kadi za wagonjwa zilizojirudia inachukua dakika arobaini kila asubuhi, na dirisha la kupokea wagonjwa halifunguliwi mpaka imalize. Leo muuguzi mkuu akasema wagonjwa wakichelewa tena, mkataba wetu wa kompyuta pale basi.

Nikafungua kuangalia. Kadi elfu tisini kaziweka kwenye orodha, kila kadi inalinganishwa na zote. Zote, dada. Msomi mzima.

Nikaweka seti badala ya orodha, maana seti hujua papo hapo kama kitu kimo tayari. Nimegusa mistari miwili tu. Sekunde moja, imemaliza. Zilizojirudia ni zilezile kumi na saba alizozipata yeye jana.

Unajua alisema nini? "Haraka hiyo inatia shaka. Wewe umejifunzia kwenye simu. Tuendeshe na yangu, ihakikishe."

Ihakikishe. Watu wamejaa barazani.

Muuguzi mkuu hata hakuinua kichwa. "Baba, yako kaihakikishie nyumbani. Binti, ita mgonjwa wa kwanza."