Sumaku Yako na Pasi ya Mkaa

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, suruali ndiyo mgonjwa. Ilichanika kwenye shamba la ujamaa hapa Kwihara, nikaipeleka kwa fundi cherehani, Bi Zuhura. Ana kisumaku cha kuokotea pini, kama chako. Nikasugua sindano juu yake hadi nayo ikavuta pini. Tukaichemsha kwenye chai, bado ikavuta. Tukaifukia kwenye mkaa wa pasi hadi ikawa nyekundu. Ilipopoa, haikuvuta hata moja!

“Mwalimu, umeniulia sindano!” Bi Zuhura akalalamika, kisha mwenyewe akaleta nyingine tujaribu tena.

Kumbe sumaku yako iliyoacha kuvuta haikuzeeka kama ulivyodhani, Mama. Huwa unaiweka juu ya pasi ya moto, na joto kali huiua nguvu yake. Nakuletea mpya. Uilaze mbali na pasi, kama ulivyokuwa ukinilaza mimi nilipokuwa mchanga.

Mwanao,
Idi