Testitubu Kwapani

Mama,

Kile kisahani chako cheupe kilichomeguka ukingo, ulichokuwa ukidondoshea iodini kwenye maabara ya shule kule Meru, sasa ninacho mimi. Nilikifunga kwa leso yako nikashuka nacho hadi huku Ishiara kwenye joto. Ndiyo, nimepata darasa! Bayolojia, muhula mmoja wa majaribio, lakini darasa ni darasa.

Juma lililopita tulifika kwenye mate na wanga. Nilifanya vilevile ulivyofanya wewe: nikakwangua nduma, nikachuja maji yake, nikayachemsha, nikayaacha yapoe. Kidato cha pili wakatema mate huku wakichekana. Nikachanganya, na bila kufikiri nikatia testitubu kwapani. Mbele ya mwalimu mkuu, Mama, aliyeketi nyuma na daftari lake kuamua kama nitabaki! Nilikusikia kabisa: "Kaa nayo hapo, mwari, ipate joto la mtu." Nikangoja dakika kumi, zako zilezile.

Tone la kwanza kwenye iodini, kahawia. La pili, kahawia. Nilikuwa nimewaahidi kwamba wataona ile buluu nyeusi ya wanga ikififia polepole, tupime kasi ya kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga. "Madam, imekataa," wakasema. Mwalimu mkuu akaandika kitu. Jasho lilinitoka, na machozi yakawa karibu. Nilikutaka wewe pale mlangoni na koti lako jeupe, basi.

Lile jasho ndilo lililonizindua. Wewe ulikuwa ukiikinga na baridi ya Meru. Huku hata ukuta una joto la kwapa! Kimeng'enya kilikuwa kimeshamaliza wanga wote kabla sijadondosha chochote. Nikaanza upya, testitubu ikiwa mezani, tone kila nusu dakika. Buluu nyeusi. Zambarau. Kahawia. Darasa likalipuka kwa shangwe. Mwalimu mkuu akaja mbele kutazama, kisha akauliza kwa nini ile ya kwanza niliificha kwapani. Nikawasimulia habari zako zote, tukacheka hadi kengele.

Nimebakizwa, Mama.

Pumzika sasa. Mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikikaza, nitapanda na testitubu moja na kisahani chako. Nitakaa kando ya kaburi lako, niiweke kwapani, nikutajie dakika.

Bintiyo,
Kendi